KINDI WA SHIMONI NA KINDI WA MTINI: NAMNA YA KUWATAMBUA



Yuko mnyama mdogo ambaye kila mtu hudhani kwamba amjua, na kwa sababu ya kudhani hivyo watu wengi hawamtazami sawasawa. Mnyama huyo ni kindi. Mtoto wa shule akiulizwa habari zake atajibu mara moja kwamba kindi ni mnyama mwenye mkia mkubwa, akaaye mitini na kula matunda na kokwa. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu ya kweli. Katika nchi ya Kenya wako kindi ambao huzaliwa chini ya ardhi, hulala chini ya ardhi, na wakifukuzwa na mbwa hukimbia wakapita chini ya miti kumi bila ya kupanda hata mmoja. Hao ndio wafukuao mbegu za mahindi. Wenzao wa mitini aghalabu hulipishwa deni wasilolikopa, na mwenye shamba humaliza siku zake za kupanda akimwinda asiyemwibia, huku mwizi akiendelea kula.

Shida ya kwanza ni majina. Kiswahili kina majina ya kindi, kidiri na kuchakuro, na mahali pamoja jina moja hutajwa kwa mnyama wa mtini, na mahali pengine jina lilo hilo hutajwa kwa yule wa shimoni. Lugha za bara nazo zina majina yake. Mtu aliyehamia mbali na kwao husema jina akimaanisha mnyama mmoja, na jirani yake akafahamu mwingine, wakabishana bure mpaka chai ikapoa. Kwa hiyo hapa yatatumika maneno mawili ya wazi tu: kindi wa shimoni, na kindi wa mtini.

Itwaliwe kwa mfano habari ya mzee mmoja wa Ukambani, ambako wakulima wengi huzitegemea mvua za vuli kuliko za masika. Mzee huyu amepanda mahindi yake mara mvua ilipoanza kunyesha, mbegu mbili katika kila shimo, na mistari yake imenyoka. Siku ya nne anakwenda kutazama kama mimea imeanza kuchomoza. Anakuta vishimo vidogo vimefukuliwa, kimoja baada ya kingine, katika mstari ule ule, kana kwamba aliyefukua naye alikuwa na kamba ya kupandia. Maganda ya mbegu yametupwa kando. Mjukuu wake, kijana mwenye manati na shabaha nzuri, anamwona kindi juu ya mwembe ulio karibu na nyumba, anampiga, anamleta kwa babu yake. Babu anafurahi, na mkia wa yule mnyama unafungwa kwenye kijiti katikati ya shamba ili wenzake waone na waogope. Kesho yake vishimo ni vingi kuliko vya jana.

Bwana Shamba anapopita, mzee anamwonyesha mzoga.

"Huyu ndiye mwizi, Bwana Shamba. Lakini naona ana ndugu wengi."

Bwana Shamba anaugeuza mzoga kwa kijiti, anatazama kucha na masikio, kisha anauliza, "Mzee, huyu aliuawa wapi?"

"Juu ya mwembe."

"Na jiwe la kwanza lilipomkosa, alikimbilia wapi?"

Mjukuu ndiye anayejibu: "Juu zaidi, Mwalimu, mpaka kwenye matawi ya kileleni."

"Basi, Mzee wangu, huyu hakula mbegu zako. Mwenye kuzila yungali hai, tena hajui hata kupanda mwembe."

Katika maswali hayo mawili ya Bwana Shamba imo elimu kubwa kuliko ile ya kukariri rangi za wanyama. Walakini watu wengi huanza na rangi, kwa hiyo afadhali habari za rangi zielezwe kwanza, pamoja na udanganyifu wake.

Husemwa sana kwamba kindi wa shimoni hujulikana kwa mstari mweupe wa ubavuni. Neno hili lina ukweli na lina hatari. Kenya ina aina mbili za kindi wa shimoni. Aina ya kwanza, ambayo wataalamu huiita Xerus erythropus, ina mstari mweupe kila upande, unaoanzia begani na kunyoka mpaka karibu na paja. Mstari huo huonekana wazi hata kwa mbali, kama chokaa iliyopakwa kwa kidole juu ya udongo. Mnyama huyu hupenda nchi ya majani na vichaka, na mashamba yaliyokatwa katika nchi hiyo, na ndiye anayeshtakiwa zaidi kwa habari ya mahindi. Hasara anayoileta kabla ya mavuno ilichunguzwa na wataalamu hapa Kenya, na utafiti huo ulichapishwa mwaka 1990. Kwa hiyo wakulima wanaomlalamikia hawasingizii.

Aina ya pili huitwa Xerus rutilus, nayo haina mstari wowote. Rangi yake ni ya udongo wa mahali ilipo, pengine nyekundu ya kutu, pengine ya mchanga, na tumboni ni nyeupe. Makao yake ni nchi kavu ya miiba, kama vile Samburu na nchi ya kaskazini, na upande wa Tsavo. Mtu aliyefundishwa kutafuta mstari atampita huyu asimtambue, atasema, "Huyu hana mstari, basi ni wa mtini," hata kama mnyama amesimama mlangoni pa shimo lake.

Tena upande wa pili wako kindi wa mtini wenye mistari. Katika misitu ya Uganda na ya Congo mna kindi wadogo wenye mistari myeusi na ya njano mgongoni, nao ni watu wa mitini. Kwa hiyo mstari ni kama shati. Ukiliona shati la mtu umejua alivyovaa, hujajua alalako.

Ukubwa nao hudanganya. Ni kweli kwamba kindi wa shimoni mwenye mstari ni mnyama wa kutosha: mwili wake bila ya mkia hufika sentimeta 20 hadi 30, na uzito wake waweza kupita nusu kilo. Kindi wa mtini anayeonekana sana katika sehemu nyingi za Kenya, yule wa rangi ya kijivu na manjano mwenye kuruka vichakani hata katika bustani za Nairobi, ana mwili wa sentimeta 13 hadi 18 tu. Mtu akiwaona hawa wawili siku moja hatakosea. Lakini akienda katika msitu wa Kakamega atamkuta kindi wa mtini mkubwa sana, mwenye mkia wa pete nyeusi na nyeupe, ambaye si mdogo kuliko yule wa shimoni. Pwani nako, katika misitu kama ule wa Arabuko-Sokoke, yuko kindi wa mtini mwenye tumbo na mkia wa rangi nyekundu, ambaye wageni humdhania mnyama mwingine kabisa.

Zisizodanganya ni alama za kazi. Mnyama hubeba mwilini mwake vyombo vya kazi yake, kama fundi abebavyo randa au seremala abebavyo msumeno. Ashikwe kindi aliyekufa, kwa mpira mkononi au kwa kijiti, na atazamwe miguu ya mbele. Kindi wa shimoni ana kucha ndefu, nene, zilizopinda kidogo tu. Ni majembe hayo. Kindi wa mtini ana kucha fupi kuliko hizo, kali, zilizopinda kama ndoana ya samaki. Ndizo zimshikazo katika ganda la mti anaposhuka kichwa kikiwa chini, na mguu wake wa nyuma waweza kugeuka ukatazama nyuma ili kumshikilia. Mtu aliyewahi kumtazama kindi akishuka mwembe atakumbuka jambo hilo, maana paka hawezi kushuka namna ile.

Kisha yatazamwe masikio. Kindi wa mtini ana masikio madogo ya mviringo, lakini yamesimama na kuonekana. Kindi wa shimoni karibu hana sikio la nje; lipo tundu lenye ukingo mdogo tu kando ya kichwa, na mtu akimtazama kwa mbali kichwa chake huonekana kama kilichonyolewa. Sikio kubwa lingejaa mchanga kila aingiapo shimoni.

Halafu manyoya yaguswe. Hapa hata kipofu angeweza kutoa hukumu. Manyoya ya kindi wa mtini ni mengi na laini. Ya kindi wa shimoni ni machache, makavu, magumu kama nyuzi za ufagio wa katani, wala hapana sufu laini chini yake, na yakipulizwa ngozi huonekana. Nywele za namna hiyo hazishiki udongo, na katika nchi ya jua kali hazimfungii mwenyewe joto mwilini.

Mkia haufai sana kwa hukumu, kwa kuwa wote wawili wana mikia mirefu yenye manyoya. Wa shimoni manyoya yake hutandaa kuume na kushoto kama unyoya wa ndege, naye anapohofu huutimua mkia wote na kuutikisa. Wa mtini huutumia kwa kujisawazisha anaporuka. Lakini haya ni mambo ya kutazamwa na mwenye nafasi. Mkulima mwenye haraka na aende kwenye ile alama iliyo kubwa kuliko zote.

Alama hiyo ndiyo ile ambayo Bwana Shamba aliiuliza: akishtuka hukimbilia wapi? Kindi wa mtini hushuka chini mara nyingi, hutembea katika majani, huokota mbegu zilizoanguka, na mtu anayemwona hapo aweza kuapa kwamba ni wa shimoni. Kindi wa shimoni naye pengine hupanda kichaka kifupi akifuata tunda. Kwa hiyo kumwona chini, au kumwona juu ya kijiti, si ushahidi wa kutosha. Lakini apigiwe makofi! Wa mtini hukimbilia shina la mti, tena hupanda kwa upande usioonekana, na baada ya kitambo kidogo husikika akigomba kutoka juu. Wa shimoni huukimbia mti. Hukimbia kwa kuruka-ruka chini, hufika mlangoni pake, husimama kwa miguu ya nyuma kama mtu anayetazama gari likija, na akiona hatari ingalipo huzama. Hofu haimwachi mnyama nafasi ya kusema uongo.

Mahali azamapo napo pana habari zake. Shimo lake huwa na mlango wa upana wa ngumi au zaidi kidogo, aghalabu chini ya kichaka, kwenye kingo za shamba, au katika kichuguu cha zamani. Kindi asiye na mstari hupenda kuwa na milango kadhaa iliyo karibu-karibu, ili akifukuzwa huku atoke kule. Kindi wa mtini hulala katika pango la mti, au katika tundu alilojijengea kwa majani.

Jambo jingine ambalo wakulima hawalitii maanani ni saa. Kindi wote wa Kenya, wa juu na wa chini, ni wanyama wa mchana. Hutoka jua likiisha kupanda na kurudi kabla halijatua. Kwa hiyo mkulima aliyetazama shamba lake magharibi akaliona zima, naye akalikuta alfajiri limefukuliwa, na amwache kindi. Atafute panya, au nungu, ambaye miiba yake huanguka njiani kama barua yenye sahihi. Vilima vya udongo vilivyopangana juu ya ardhi bila mlango ni kazi ya fuko, ambaye hula mizizi na viazi kutoka chini wala hatoki nje kuokota mbegu. Mche uliong'olewa na kuachwa umelala, mbegu yake imenyofolewa, mara nyingi ni kazi ya ndege. Kanga na kwale nao hupekua, lakini hupekua ovyo-ovyo kwa kucha, na nyayo zao huonekana katika udongo laini. Kindi wa shimoni huchimba kishimo kimoja mahali penye mbegu hasa, kwa kuwa huiona kwa pua, kisha huufuata mstari. Mkulima aliyefundishwa kupanda kwa mstari ameifanya kazi ya mwizi iwe nyepesi, ingawa hiyo si sababu ya kurudia kupanda ovyo.

Yuko mnyama mmoja zaidi wa kutajwa, kwa sababu huuawa bure kuliko hata kindi wa mwembeni. Huyo ni nguchiro. Nguchiro wadogo huishi kwa makundi katika vichuguu, hutoka mchana, husimama wima kutazama, na kwa mbali mtu aweza kuapa kwamba ni kindi. Lakini uso wa nguchiro ni mwembamba wenye pua iliyochongoka, mkia wake hauna manyoya yaliyotandaa, nao hutembea jamaa nzima pamoja. Nguchiro mwenye milia, ambaye ni mkubwa zaidi, milia yake huukata mgongo kwa upana, ilhali mstari wa kindi hufuata urefu wa mwili. Mdomo ukifunguliwa shaka yote huisha: kindi ana meno manne marefu ya mbele, mawili juu na mawili chini, na pengo kubwa baada yake, kama panya na sungura, nguchiro ana chonge kama mbwa. Mwenye chonge hizo hakuja kwa ajili ya mahindi. Alikuja kwa ajili ya wadudu, nge, panya na nyoka, ijapokuwa vifaranga navyo havimo katika amani kamili mbele yake, na mama wa nyumbani atakayesema hivyo asiambiwe mjinga.

Sababu ya maelezo haya yote yaonekana katika sehemu ya pili ya habari ya yule mzee. Alipoona kwamba mkia kwenye kijiti haukuwatisha wezi, alikuwa ameisha kuchanganya mahindi na sumu aliyopewa na rafiki, katika kopo lisilo na jina, akusudie kuyatawanya shambani siku ile ile. Kopo hilo lilikuwa juu ya dari, karibu na chumvi.

"Kuku wako hulala wapi, Mzee?" akauliza Bwana Shamba.

"Hapa hapa nyumbani. Mchana huzunguka."

"Huzunguka mpaka shambani?"

Mzee hakujibu upesi.

Sumu haijui kuchagua. Kuku huila, mbwa hula mzoga wa kuku, mwewe hula mzoga wa panya, na mtoto huokota punje kwa sababu ni punje. Kenya inayo kumbukumbu chungu ya jambo hili: dawa ya wadudu iitwayo karbofurani, iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea, ilitumiwa vibaya katika miaka ya 2000 na kuua simba na tai tumbusi, maana watu waliipaka katika mizoga. Kama sumu iliyokusudiwa simba iliwaua tai, sumu iliyokusudiwa kindi haitamwuliza nguchiro jina lake. Kopo la namna hiyo lisifunguliwe, wala lisitupwe mtoni au chooni. Lifungwe vizuri na kuwekwa mbali na watoto na chakula, mpaka afisa wa kilimo aonyeshe pa kulipeleka.

Linalofaa ni kujua siku za hatari, kwa kuwa si nyingi. Mbegu ya mahindi huwa tamu kwa kindi tangu ipandwe mpaka mche uwe na majani kama mawili au matatu, maana hapo chakula kilichomo ndani ya mbegu kimeisha kuliwa na mche wenyewe. Hizo ni kama juma mbili. Baadaye atarudi mahindi yanapokomaa, lakini wakati huo jicho la mwenye shamba huwa tayari liko huko. Katika juma mbili za kwanza shamba likilindwa tangu jua kupanda mpaka karibu na kutua, sehemu kubwa ya hasara huzuiwa. Si lazima mtoto akose shule kwa kazi hiyo. Watu wa nyumba moja, au majirani wawili, waweza kugawana saa, na mbwa aliyefungwa kwa kamba ndefu kwenye ukingo ulio karibu na mashimo ni mlinzi asiyeomba mshahara.

Vichaka vilivyobanana na ukingo wa shamba vikatwe. Kindi wa shimoni hapendi kwenda mbali na maficho yake, na kila hatua ya uwanja mweupe anayoongezewa humpunguzia ujasiri. Kadhalika majirani wakipanda siku za karibu-karibu, hasara hugawanyika. Aliyetangulia peke yake huwalisha kindi wa kijiji kizima. Mbegu kidogo ziwekwe akiba kwa kujaza mapengo mara yanapoonekana, si baada ya juma tatu, maana mche uliochelewa hufunikwa na wenzake. Ama kuhusu mitego, Kenya inayo sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na si busara kuweka mtego kabla ya kumwuliza afisa wa wanyamapori ni nini kinachoruhusiwa mahali pale.

Mkono usitiwe shimoni kamwe. Shimo la kindi laweza kuwa na mpangaji mwingine, na swila hapigi hodi. Mzoga nao usishikwe kwa mkono mtupu, kwa sababu ya viroboto.

Tena kuhusu vichuguu, neno moja la afya, hasa kwa watu wa Kitui, Machakos, Baringo na nchi kavu nyingine. Mwaka 1957 daktari R. B. Heisch aliandika katika jarida la madaktari la Afrika Mashariki kwamba alikuwa amepata katika kindi wa shimoni wa Kenya kijidudu cha jamii ile iletayo kalaazari, ugonjwa wa homa ndefu na kuvimba wengu. Habari hiyo isimfanye mtu amchukie kindi, maana katika nchi zetu ugonjwa huo huenezwa hasa kutoka kwa mtu hadi mtu. Mwenye kuueneza ni usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, ambaye hujificha katika matundu ya vichuguu na kuuma jua likiisha kutua. Kwa hiyo wazee waliozoea kukaa juu ya kichuguu jioni wakizungumza, na watoto wachezao hapo, wangefanya vema kutafuta mahali pengine pa mazungumzo. Mtu mwenye homa isiyokwisha kwa majuma na tumbo linalovimba upande wa kushoto apelekwe hospitali, asingoje.

Na yule mzee? Kopo lilishuka darini likachukuliwa na Bwana Shamba. Asubuhi iliyofuata babu na mjukuu walikaa chini ya mgunga kwenye kona ya shamba, kimya, manati yakiwa mfukoni. Jua lilipokuwa limepanda kiasi cha kukausha umande, mnyama alitoka chini ya kichaka kilichoshikana na kichuguu, mwili wa rangi ya udongo na mstari mweupe ubavuni. Alisimama kwa miguu miwili, akatazama kuume na kushoto, akaingia katika mstari wa kwanza na kuanza kufukua.

Mzee alipiga makofi mara moja. Mnyama aliruka, akaupita mwembe bila ya kuutazama, akazama kichuguuni.

"Babu," akasema kijana, "hana masikio."

Siku ile walikata kichaka, wakajaza mapengo kwa mbegu za akiba, na bibi akaijua zamu yake ya adhuhuri. Kabla ya kurudi nyumbani mzee aliung'oa kile kijiti katikati ya shamba, akautupa mkia uliofungwa juu yake. Mwembeni walikuwa wamebaki kindi wawili, wakifukuzana.

"Hao tuwafanyeje?" akauliza mjukuu.

"Waache," akasema mzee. "Embe bado mbichi."